Saa za wakili, bahasha za wakili

Kampuni ya mawakili hutoa kwa jamii kwa njia mbili: pesa na muda. Pesa hutolewa na yeyote aliye nazo, awe mwenye agrovet pale Chaka au mwenye matatu za Nyeri–Nanyuki. Muda wa wakili ni jambo lingine. Ndio anaouza, na hakuna mwingine sokoni mwenye kuuza kama huo. Marekani wakili huombwa saa. Katika miji ya Mlima Kenya huombwa bahasha.

Kanuni ya 6.1 ya American Bar Association inamtaka kila wakili wa Marekani afanye angalau saa 50 za kazi ya bure kwa mwaka, hasa kwa wasiojiweza. Ni ombi, wala hakuna anayefungwa kwa kulipuuza. New York imekaza zaidi: tangu 2015, anayetaka kuapishwa kuwa wakili wa jimbo hilo lazima kwanza aonyeshe saa 50 kama hizo. Katika kampuni kubwa kuna mtu aliyeajiriwa kugawa kesi za bure. Karatasi ile ile inayogawa siku ya wakili kwa vipande vya dakika sita ili benki itozwe, huandika pia vipande vya mkimbizi: dakika sita za simu, dakika kumi na mbili za kusoma barua ya uhamiaji, dakika arobaini na mbili za kumsubiri mkalimani.

Kinachopendeza zaidi kiko kwenye kodi. Dola zinazopewa shirika la hisani hupunguza kodi ya mtoaji. Saa alizofanya bure hazimpunguzii hata senti. Na bado zinafanywa. Mwenye kejeli atakumbusha kwamba jarida la The American Lawyer hupanga kampuni kila mwaka kwa kazi yao ya bure, na kwamba wahitimu huitazama orodha hiyo kabla ya kuomba kazi. Ni kweli, na sifa nayo ni malipo. Lakini mkimbizi amepata wakili.

Kampuni ndogo, hasa za kesi za ajali, zina hisani yenye kelele zaidi. Hizi hugawa batamzinga kabla ya Thanksgiving, na jina la kampuni huchapwa mgongoni mwa fulana za timu za watoto. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu mawakili kujitangaza mwaka 1977, katika kesi ya Bates, na tangu hapo si rahisi kujua tangazo linaishia wapi na ukarimu unaanzia wapi.

Kenya mambo yalikwenda kinyume. Kwa miaka mingi wakili alikatazwa kabisa kujitangaza, na kanuni za 2014 zililegeza kidogo tu. Asiyeweza kuweka uso wake barabarani huuweka kwenye harambee. Kadi ya mchango hufika ofisini Nyeri ikiwa na nafasi ya jina na ya kiasi. Siku ikifika, wakili hukaa meza ya mbele kama mgeni wa heshima na bahasha yake husomwa kwa kipaza sauti, “yeye na marafiki zake”. Paa la kanisa limepatikana, karo ya mtoto wa fulani imelipwa, jeneza limetoka mochari. Ukarimu huo ni wa kweli, na Wakenya walioko Lowell, Massachusetts, wanaujua vizuri, maana kadi hiyo hiyo huwafikia kwenye WhatsApp saa tisa usiku. Inayoudhi ni orodha ya michango yenyewe. Wakili, daktari na muuza viazi wote wameandikwa kwa shilingi, kana kwamba wakili hana kingine cha kutoa.

Kingine hicho, yaani muda wake, kinahitajika sana Kieni, upande wa Chaka. Mashamba mengi upande huo yalikuwa ya walowezi, yakanunuliwa kwa hisa na kampuni na vyama vya ushirika baada ya uhuru, kisha yakagawanywa. Hatimiliki nyingi zingali na jina la guka, yaani babu, aliyezikwa zamani. Cucu, yaani nyanya, anayelima vitunguu ekari mbili nje ya Chaka hawezi kuuza, kugawa wala kukopea ardhi hiyo kabla ya mirathi. Anatakiwa kuwa na cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na taarifa za shamba kutoka ofisi ya ardhi; kisha tangazo katika Gazeti Rasmi na siku 30 za kungoja pingamizi; kisha miezi sita kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Hakuna gumu kwa wakili hapo. Ni saa chache za kazi aliyoizoea. Mara nyingi familia iliyochangiwa vizuri mazishi haina mtu wa kuichangia mirathi, na faili hulala mpaka wajukuu waanze kugombana.

Saa, hata hivyo, zimewahi kutolewa Kenya, tena usiku. Juni 2024, vijana walipokamatwa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Chama cha Mawakili chini ya rais wake wa wakati huo, Faith Odhiambo, kiliwatuma wanachama vituo vya polisi na mahakamani bila malipo. Kilichotokea kinafanana na Januari 2017, pale amri ya Trump dhidi ya wasafiri wa nchi saba, Somalia ikiwemo, ilipowakalisha mawakili wa Marekani sakafuni mwa viwanja vya ndege, kompyuta mapajani na karatasi za “wakili wa bure” mikononi. Dharura huwatoa mawakili kote. Mirathi ya cucu haitawahi kuwa dharura.

Na Marekani yenyewe isisifiwe kupita kiasi. Ripoti ya Legal Services Corporation ya 2022 ilisema asilimia 92 ya matatizo makubwa ya kisheria ya madai yanayowakumba watu wa kipato cha chini hayapati msaada wowote, au hayapati wa kutosha. Kampuni kubwa hupenda kesi za ukimbizi na za hukumu ya kifo. Mpangaji anayefukuzwa na benki ambayo ni mteja wao hana bahati hiyo.

Nyumbani, Kituo cha Sheria kimekuwapo tangu 1973, na Chama cha Mawakili huwa na wiki yake ya kila mwaka ya ushauri wa bure mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa pamoja na mfuko wake, na ikawatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Msaidizi kama huyo anaweza kukaa na cucu pale sokoni Chaka, akampangia karatasi zake na kumweleza aanzie wapi. Kumsimamia mbele ya hakimu akija ndugu wa kupinga, kumebaki kazi ya wakili.