Kipeperushi cha Jasho

Wenzangu mnaoandika mkingoja siku jina lenu litoke kwenye jalada, ngoja niwaambie kitu changu cha kwanza kuchapishwa. Hakikuwa hadithi wala shairi. Kilikuwa kipeperushi cha rangi ya machungwa, karatasi ya kung'aa, nakala 500, bila jina langu, na kazi yake ilikuwa kusifia jasho.

Ilikuwa mwaka 2023, Dar es Salaam. Nilikuwa nimetoka kwetu Litembo, milimani Mbinga, na cheti cha kidato cha nne na madaftari mawili ya riwaya ambayo haijaisha hadi leo. Nikapata kibarua kwenye sehemu moja ya masaji na urembo: kufua mataulo, kupokea wateja, kufuta benchi baada ya wao kutoka. Maana pale palikuwa na sauna ya infraredi. Ukiiona utadhani kabati la nguo lenye mlango wa kioo. Mtu anaingia na taulo, anakaa nusu saa, anatoka amelowa kama aliyenyeshewa njiani.

Sauna ya Wafini hupashwa kwa mawe ya moto, hewa ikafika nyuzi 80 na zaidi. Hii nyingine hewa yake ni nyuzi 45 hadi 60 hivi, ila kuta zake hutoa mionzi isiyoonekana ambayo humpasha mtu moja kwa moja. Si uchawi. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, kule Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto pembeni kidogo ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote. Kipimajoto kikapanda. Basi ndiyo hiyo. Sisi wa Litembo tunaijua bila kipimajoto: asubuhi ya mwezi wa sita, ukungu ukiisha kwenye mashamba ya ngoro, unatoa kigoda nje unaota jua mgongoni. Mionzi ileile, na hakuna anayekudai. (Hata biashara yenyewe si ngeni. Daktari John Harvey Kellogg, wa ukoo uleule wa kornflekisi, alikuwa akiwakalisha wagonjwa wake ndani ya makabati ya balbu za umeme huko Battle Creek, Marekani, tangu miaka ya 1890.)

Siku moja bosi akaniita. "Wewe si unajiita mwandishi? Niandikie kipeperushi." Akanipa karatasi yenye mambo aliyoyaokota huku na kule: inatoa sumu, inayeyusha mafuta, inaongeza kinga. Nikakesha. Niliandika kwa raha, jamani, kuliko nilivyowahi kuandika riwaya. Sentensi ya juu kabisa, kwa herufi kubwa, ilikuwa hii: "Kila tone la jasho ni ugonjwa unaotoka." Niliisoma kwa sauti mara kumi. Ilikuwa na mapigo. Kwamba ni ugonjwa gani unaotoka, sikujiuliza.

Nilijiuliza baadaye sana. Jasho karibu lote ni maji, na chumvi. Taka za mwilini zinashughulikiwa na ini na figo. Kilo zinazopungua humo ndani hurudi ukinywa maji. Tena mwenye presha au anayetumia dawa zake anaweza kuanguka akiinuka ghafla, kwa kuwa joto hutanua mishipa. Sisemi hakuna ukweli kabisa. Utafiti wa Finland uliotoka mwaka 2015 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 2,000 kwa miaka 20 hivi, na walioingia sauna mara nyingi walikuwa na vifo vichache zaidi vya moyo. Lakini ile ni sauna ya mawe, na huenda anayeingia sauna kila siku alikuwa na afya njema tangu mwanzo. Japani nako madaktari wametumia joto la nyuzi 60, dakika 15, kwa wagonjwa wa moyo, hospitalini, wakiwaangalia. Kati ya hayo na sentensi yangu pana umbali kama wa kushuka kwa miguu kutoka Litembo hadi Mbamba Bay.

Krismasi nikapeleka nakala nyumbani. Bibi akasomewa, akacheka hadi akashika mbavu. "Kumbe wazungu ndiyo kwanza wanaijua nyungu!" Kwetu nyungu ni chungu cha majani yaliyochemka, mkaratusi, mpera, mchaichai, na blanketi juu ya kichwa. Wakati wa korona, mwaka 2020, Rais Magufuli aliwahimiza watu wajifukize, na bibi alijiona yeye ndiye mwalimu wake. Sasa akawa na mjukuu aliyechapwa.

Juni 2024 dada akanipigia. Bibi anakohoa, wiki ya tano, nguo zinampwaya. Anajifukiza asubuhi na jioni. Hospitali ya Litembo ipo palepale mlimani, hakuna wa kusingizia nauli. "Ukimwambia twende, anatoa karatasi yako." Halafu dada akasema jambo lililonimaliza nguvu: anamwingiza na mtoto chini ya blanketi, mwanawe dada, miaka mitatu, eti naye mafua yamtoke.

Nikaomba apewe simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Jasho linatoka vizuri."

"Bibi, kesho nenda hospitali."

"Si wewe uliyeandika?"

"Niliandika uongo."

Akanyamaza. Nikasikia anakohoa pembeni ya simu.

"Uongo unachapwa?"

"Unachapwa, bibi."

Akaenda. Wakapima makohozi: kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kumpeleka mtu akapimwe, yeye alikwenda kwenye ya sita. Miezi sita ya vidonge, bila malipo, naye alivimeza vyote huku akilalamika. Mtoto hakukutwa na ugonjwa, akapewa dawa za kinga.

Mngependa niseme niliacha kazi siku ileile. Sikuacha, nilikuwa na kodi ya chumba. Nilimwomba bosi aitoe ile sentensi, akajibu ndiyo hiyo wateja wanayoipenda. Nikaanza kuikata kwa kalamu, nakala moja moja, nikifika zamu ya usiku. Nilikata kama 60 hivi kabla hajagundua. Hapo ndipo kazi ilipoisha.

Mwaka 2025 nilirudi. Bibi amenenepa, na mafua yakimshika bado anateleka chungu chake. Tulijifukiza pamoja jioni moja ya baridi. Pua zikafunguka, mabega yakalegea, ni raha, siwezi kuikana. Kipeperushi bado kimo ndani ya kitabu chake cha nyimbo, sentensi ya juu imefutwa kwa mkaa.

"Na hiyo riwaya yako," akauliza gizani mle, "ni ya kweli?"

"Ni ya kubuni, bibi."

"Lakini si uongo?"

Nilikuwa bado natafuta jibu mvuke ulipopoa, akanituma nikaongeze kuni.