Deni Langu, Ulaji Wake!

Jamani, wenzangu wa Bongo, msidhani huku England hela zinaokotwa barabarani. Huku watu wanalala na deni, wanaamka na deni, na barua za wadai zinaingia mlangoni kila asubuhi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2020 corona ilipofunga mahoteli, kibarua changu kikaota nyasi, nikawa naishi kwa kadi za benki. Kufika 2022 nadaiwa pauni 11,000. Nyumba sina, gari sina.

Ndipo akajitokeza "mtaalamu" mmoja kwenye simu, sauti tamu kama mtangazaji wa redio. Akaniambia nisihangaike, upo mpango wa kisheria wa kuelewana na wadai. Hapo hakudanganya. Mpango huo umo kwenye sheria ya mwaka 1986: unalipa kila mwezi, mara nyingi kwa miaka 5, kinachobaki unasamehewa. Wadai wenye asilimia 75 ya deni linalopigiwa kura wakikubali, wote wanabanwa.

Kimbembe kikaja kwenye hesabu. Nikishalipa kodi, chakula, umeme na nauli, nilikuwa nabakiwa na pauni 40 kwa mwezi. Karatasi ya yule bwana ikasema nabakiwa na 110! Nikaisoma mstari kwa mstari. Kumbe chakula kakikata nusu, nauli kaifuta kabisa. Sijui alidhani naruka kwenda kazini? Pauni 110 mara miezi 60 ni 6,600, na humo ndani mna ada za wasimamizi. Nikikwama njiani mpango unavunjika, wadai wananirudia, ada ndiyo imeshaliwa!

Sikutia saini. Nikaenda kwa washauri wa bure. Mama mmoja mwenye miwani akapiga hesabu upya, akanionyesha njia ambayo yule bwana hakuitaja hata kwa bahati mbaya: amri ya nafuu ya madeni. Wakati ule ilikuwa kwa anayedaiwa si zaidi ya pauni 30,000, hana mali ya maana na habakiwi na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi. Unalipa ada ya pauni 90, wadai wanazuiwa miezi 12, halafu deni linafutwa. Tangu 2024 ada hiyo haipo tena, na kiwango kimepanda hadi pauni 50,000.

Kwa nini yule bwana alikaa kimya? Kwa sababu kwenye mpango ndiko kulikokuwa na ulaji. Siku hizo waliopeleka wateja walilipwa kamisheni ya mamia ya pauni kwa kila kichwa. Malalamiko yalikuwa mengi, hadi 2023 mamlaka inayosimamia mambo ya fedha ikapiga marufuku kamisheni hizo.

Sisemi mpango ule ni mbaya kwa kila mtu. Mwenye nyumba na mshahara wa uhakika unaweza kumwokoa. Wala njia yangu si ya raha: rekodi inakaa miaka 6, kwa hiyo benki zitaninunia hadi 2028. Lakini usingizi naupata.

Nanyi hapo Dar, anayekushauri juu ya deni lako muulize kwanza: wewe unalipwa na nani? Akianza kujikanyaga, muage uondoke.