Gari Kavu au Gari la Starehe?

Fedha apewazo mtu anapostaafu Waswahili huziita kiinua mgongo, na jina hilo peke yake latosha kuwa somo la kipindi kizima darasani. Aliyelibuni alimwona mfanyakazi aliyeinama miaka thelathini au zaidi, akaona sasa yafaa anyooshwe kidogo. Sisi tunaoandika haya tu watu wawili, mke na mume, sote walimu wa Kiswahili, nasi sote tumekwisha kuiaga chaki. Twakaa Kibagabaga, katika wilaya ya Gasabo, mjini Kigali. Tulipoziweka pamoja akiba zetu tuliazimia jambo ambalo wenzetu hawakulitazamia: kununua motokaa ya michezo, ya viti viwili tu. Watoto wamekwisha jitegemea. Viti vya nyuma vingembeba nani?

Kununua tulikubaliana mara moja. Ugomvi ulikuwa juu ya ipi.

Zilikuwapo mbili zilizokuwa zikiuzwa wakati huo, na bei zake hazikupishana sana. Moja ilikuwa Mazda MX-5 ya lile toleo la awali, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989. Injini yake ni ya lita 1.6, nguvu zake ni za farasi wapatao 115, na uzito wake haufiki tani moja. Gia ni za mkono. Paa ni la turubai, nalo hufungwa na kufunguliwa kwa mikono ya mwenye gari. Wajapani walioiunda walikuwa na msemo wao wa kale, kwamba farasi na mpandaji wawe kitu kimoja, nao waliondoa humo kila kitu ambacho kingeweza kuwatenga wawili hao. Ya pili ilikuwa Mercedes-Benz SLK, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1996. Paa lake ni la chuma, na ukibonyeza kidude hujikunja lenyewe na kuingia katika buti kwa muda wa sekunde 25. Hii tuliyoiona gia zake zilijibadili zenyewe, na viti vyake vya ngozi viliweza kupashwa moto. Jambo ambalo katika mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari si la kuchekwa asubuhi za Julai. Zote mbili zilikuwa zimepitia Ulaya kwanza na usukani wake ulikuwa upande wa kushoto, kwa maana Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2005 kuingiza magari yenye usukani wa kulia. Zile motokaa zinazoshushwa kwa wingi Dar es Salaam na Mombasa moja kwa moja kutoka Japani hazikuwa zetu.

Hapa twaomba ruhusa ya kusimama kidogo kwenye maneno, maana hata katika kununua gari ualimu hautoki mwilini. Ile ya pili kuiita gari la starehe si taabu. Lakini ile ya kwanza tuiiteje? Mmoja wetu alisema "gari bichi", mwenzake akamkumbusha kwamba kibichi hungojewa kiive, na gari hili haliivi. "Ghafi" lilitupeleka kwenye pamba na korosho. "Gari kali" lingefaa, ila vijana wamekwisha lichukua. Kwao gari kali ni lile linalong'aa na kugeuza shingo za watu, na kwa maana hiyo lililo kali zaidi lilikuwa Mercedes. Mwishowe tulitua kwenye "gari kavu", tukifuata mfano wa chai kavu. Chai yenyewe ipo, tena ya moto, ila haikusindikizwa na mkate wala andazi. Ikiwa kwenu mna neno linalofaa kuliko hili, twawaomba mtuletee kupitia kwa mhariri.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Mmoja wetu alitaka gari kavu, mwenzake alitaka la starehe. Ni nani alitaka lipi hatutasema. Kiswahili hakibagui mume na mke katika viwakilishi vyake, nasi tutajificha humo.

Aliyetaka gari kavu alikulia mkoa wa Tanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi, aliyaona magari ya mashindano ya Safari yakipita Korogwe. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yanapougeuza udongo kuwa sabuni. Siku hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto yule hakuona zaidi ya tope na taa, lakini jina alilolishika lilikuwa Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye pua ndefu, lililoshinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mtu akipenda kitu akiwa na miaka kumi na miwili, kazi ya kumtoa huko ni kubwa.

Walakini mwenzake naye ni msomaji, akaitumia Safari hiyo hiyo kumjibu. Kama wepesi na ukavu ndio ungeamua mambo, alisema, Porsche 911 ingalishinda mara nyingi. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ikaishika tena mwaka 1974, na tena mwaka 1978, wala haikupata kushinda katika miaka yote hiyo. Gari lililoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 lilikuwa Peugeot 404, gari la baba, mama na watoto, la kwendea kanisani au msikitini. Mwaka 1966 na 1967 liliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 na 1968 mvua zilikuwa mbaya hata yakafika magari saba tu kati ya yote yaliyoondoka, na katika hayo saba la kwanza lilikuwa Peugeot hiyo. Springi zake ni laini na zina nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gurudumu likiingia shimoni, bodi haipati habari. Dereva asiyepigwa na barabara hachoki, na asiyechoka hakosei njia usiku wa pili. Starehe, kwa mujibu wa hoja hii, si uvivu bali ni aina ya mwendo.

Hoja ilikuwa nzito, nasi twakiri kwamba hatujapata jibu lake kamili. Ila kuna mwaka 1973, ambao kila mmoja wetu huutaja kwa faida yake. Mwaka huo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliendesha Datsun 240Z, na Harry Källström wa Uswidi aliendesha Datsun 1800 SSS, ambayo kwa asili ni gari la familia. Baada ya maelfu ya kilomita walifika wakiwa na alama za adhabu sawasawa. Ushindi alipewa Mehta, kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kutozwa adhabu ya kwanza. Mmoja wetu husema, "Gari kavu lilishinda." Mwenzake husema, "Halikushinda, lilipewa."

Tuliyajaribu yote mawili. Njia nyingi ndogo za Kibagabaga zimetandikwa mawe, mfano wa yale ya Kimihurura ambayo dunia nzima iliyaona Septemba 2025, waendesha baiskeli walipokuja Kigali kushindania ubingwa wa dunia. Juu ya mawe hayo MX-5 ilitutikisa mpaka meno. Miwani iliteremka puani, na sentensi ilianza hapa ikaishia kule. SLK ilipita papo hapo nasi tukizungumza habari za mitihani kana kwamba tumo sebuleni.

Siku nyingine tulitoka Nyabugogo tukashika njia ya Musanze, ile inayopanda Shyorongi kwa kona zisizokwisha. Hapo mambo yalibadilika. Katika nchi yetu dereva mwenye akili huufuata mwendo ulioandikwa kwenye kibao, maana kamera za barabarani, ambazo watu wa Kigali wamezibandika jina la Sofia, hazina mjomba wala shangazi. Sehemu nyingi mwendo huo ni kilomita 60 kwa saa. Katika gari la starehe kilomita 60 ni kama kusimama. Mmoja wetu alianza kutazama saa. Katika gari kavu kilomita 60 ni nyingi mno. Unakaa karibu na lami, unasikia injini ikipumua, harufu ya mikaratusi inaingia pamoja na moshi wa lori lililo mbele, na kila kona hukuuliza swali ambalo lazima ulijibu kwa mkono na mguu. Furaha yote hiyo ilipatikana bila kuvunja sheria, na hii kwetu ilikuwa hoja mpya.

Lakini hatujamweleza msomaji jambo lililo zito. Kati yetu mmoja ana maradhi ya mgongo, ya miaka mingi, na huyo ndiye aliyetaka gari kavu. Mwenzake ni mzima kabisa; starehe aliyoitaka hakuitaka kwa nafsi yake.

"Mwalimu," alimwambia jioni moja, kwa kuwa ndivyo tuitanavyo, "mgongo uliokulaza sakafuni wiki mbili mwezi Machi utaupeleka wapi na gari lile?"

"Mgongo ni wangu, Mwalimu. Nimeutii miaka kumi. Nimeacha kulima, nimeacha kucheza ngoma harusini, wajukuu siwabebi. Nikikubali na hili, basi mwenye kuendesha gari ni mgongo, si mimi."

"Na uji unapolala sakafuni anakuletea nani?"

Swali hilo halikujibiwa usiku ule, wala kesho yake. Ni swali la haki. Ugonjwa wa mtu mmoja nyumbani hauwi wa mtu mmoja, na anayeuguza ana neno. Lakini mgonjwa naye ana neno, kwani huruma ya kila siku yaweza kumfungia mtu mlango mmoja baada ya mwingine hata akabaki na kiti tu. Tulikaa siku nne tukisalimiana kwa adabu nyingi mno. Wanandoa wataelewa.

Siku ya tano mwenye mgongo alileta shauri. Kwenye lami, alisema, hakuumia. Kilichomuumiza ni mawe, nayo kutoka lami mpaka langoni petu hayafiki nusu kilomita. Mwenzake aliwaza, akauliza kama shauri hilo litafuatwa hata siku ya mvua. Akajibiwa kwamba mwavuli upo.

Tulinunua ile Mazda. Katika soko la Kimironko tulimpata fundi aliyetushonea mto wa kitenge wa kuegemea kiunoni, na rangi zake hazilingani na gari hata kidogo. Kila jioni tunaporudi, lami inapokoma mmoja wetu hushuka na kwenda kwa miguu, kwa kuwa kutembea humfaa, na mwingine huliendesha gari juu ya mawe polepole, gia ya kwanza, akilikwepesha hili na lile. Watoto wa jirani hutusindikiza, wengine upande wa gari, wengine upande wa miguu, wakibishana nani atatangulia. Mara nyingi twafika langoni pamoja.