Hibbing, mji uliohamishwa, na kijana wake mwimbaji

Ukiwa mtu wa Kolwezi ao wa Likasi, mji wa Hibbing hautakushangaza sana. Uko Minnesota, kaskazini ya Marekani, na shimo lake la chuma linapita kilometa 4 kwa urefu. Ndugu wa kanisa waliponifikisha pembeni yake nilisema: kumbe, ni sawa kwetu! Baridi tu ndiyo ilinikumbusha kama niko mbali. Chuma kilikuwa chini ya nyumba za watu, basi kuanzia mwaka 1919 walihamisha mji: nyumba karibu 180 zilivutwa juu ya magogo mpaka pahali pengine. Na kodi ya mine ikajenga masomo makubwa yenye taa za kioo. Kodi ya kwetu je, ilijenga nini? Tuache hiyo.

Katika masomo yale alisoma Robert Zimmerman, aliyezaliwa 1941, ambaye dunia inamwita Bob Dylan. Usiku alikuwa anasikiliza radio za mbali, za kusini: Hank Williams, na nyimbo za Weusi. Kisha akapata madisque ya Woody Guthrie, na mwanzo wa 1961 akaenda New York na gitare yake.

Woody alikuwa na wimbo juu ya watumikaji wa mukuba wa Calumet, kule Michigan. Noeli ya 1913 wako katika mgomo, wamekusanya watoto kwa sherehe. Mtu akapiga kelele: «Moto!» Moto haukuwako. Watu 73 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi, wengi watoto. Sauti ya wimbo huo Dylan aliichukua, akatia maneno yake ya kumsalimu Woody. Na «Blowin' in the Wind» ya 1962 ilitoka katika wimbo wa Weusi waliotoka utumwani.

Ni wizi? Mimi zamani nilisema ndiyo. Kijana mmoja wa korale yetu alitia maneno ya Zaburi katika wimbo wa matanga wa nyanya yake, nami nikamkataza mbele ya wote. Pale pembeni ya shimo nilikumbuka uso wake.

Niliporudi nilienda kwao. Mama yake alikuwa anatwanga sombe.

— Pastere, eko Fungurume, anachimba. Gitare aliisha kuiuzisha.

Nikamwomba aniimbie ule wa nyanya. Aliweka mchi chini, akaimba wote.