Viatu vya Manila

Msomaji, nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu, niliyakariri maasi ya Wachina wa Manila kama mtu akaririvyo hesabu: mwaka, mahali, idadi ya wafu. Nikafaulu mtihani. Baadaye niliyasimulia darasani kwa jinsi ile ile, nikataja kwa kupita tu kwamba Wachina ndio waliokuwa washona viatu wa mji. Mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Mwalimu, kisha viatu alishona nani?" Nilikosa jibu, nikamwambia akae. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha vitabuni.

Manila ilikuwa mji wa Wahispania tangu mwaka 1571, lakini Wahispania wenyewe walikuwa wachache mno. Mikono iliyoulisha, kuuvisha na kuujenga mji ilikuwa zaidi ya Wachina, nao walihesabiwa kwa maelfu. Wengi walikaa Parián, mtaa waliotengewa nje ya ukuta. Hariri yao ilinunuliwa kwa fedha iliyoletwa na merikebu kutoka Acapulco.

Mwezi wa Mei 1603 walifika maofisa watatu kutoka China, wakiutafuta mlima wa dhahabu, ati uko Cavite. Mlima haukuwako. Maofisa wakaenda zao, hofu ikabaki. Wahispania walinong'onezana kwamba wale walikuwa wapelelezi na jeshi liko nyuma yao, wakaanza kuimarisha ngome. Wachina walipoyaona maandalizi hayo na kusikia vitisho, waliamini kwamba watachinjwa. Nani alianza? Nimelipima swali hili mara nyingi, na kila mara mizani hukataa kutulia.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba Wachina waliasi. Luis Pérez Dasmariñas, gavana wa zamani, ambaye baba yake aliuawa na wapiga makasia Wachina mwaka 1593, alitoka na askari kuwakabili. Karibu wote walikufa pamoja naye. Kisha Wahispania, wakisaidiwa na Wajapani na wenyeji wa visiwa, wakawaandama waasi hata mashambani. Wachina waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 15,000 na 25,000.

Antonio de Morga, aliyekuwa hakimu Manila, aliandika katika kitabu kilichochapwa Mexico mwaka 1609 kwamba vita vilipokwisha ndipo taabu ya mji ilipoanza: chakula hakikupatikana, wala viatu vya kuvaa, hata kwa bei ya kupindukia.

Nilimpelekea mwanafunzi wangu jibu hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Wachina wengine walipokuja, walikaa wapi?"

Walikaa Parián. Ilijengwa upya, karibu na ukuta, mahali mizinga ya ngome ilipoweza kuifikia.