Kuona na Kusikia: Kumbukumbu za Wapenzi wa Bendi Huko Diani

Habari za kifo cha Teddy Kalanda Harrison, mtunzi wa wimbo "Jambo Bwana", zilipofika Ukunda mwaka 2024, ziliwakuta wazee wawili barazani, na hazikuchukua muda kuamsha ubishi wao wa siku nyingi. Mmoja ni dereva mstaafu wa matatu za Likoni na Ukunda, mwenye umri unaozidi miaka 70. Wa pili ni mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, naye amemwoa dadake. Huyu aliosha masufuria na baadaye akapika katika hoteli moja ya ufuo wa Diani tangu 1983 hadi 1997. Suala lenyewe ni jepesi kulitaja: ni nani kati yao aliyeziona bendi?

"Mimi nililipa kiingilio, shemeji," dereva husema. "Wewe ulikuwa jikoni."

"Ulilipa mara moja," mpishi humjibu kwa upole unaokera. "Mimi nilikuwapo kila usiku ila Jumatatu."

(Jumatatu ilikuwa zamu yake ya mapumziko. Bendi ilipiga bila yeye, na hadi leo huzitaja Jumatatu zile kama mtu aliyeibiwa.)

Ushahidi wa dereva ni wa aina ambayo watafiti huipenda. Mapema katika miaka ya sabini alivuka kivuko cha Likoni, amevaa shati la kuazima, kwenda kuwatazama ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliokuwa wamefika Mombasa mwaka 1971. Husisitiza kwamba wakati huo walikuwa wangali wakijiita Arusha Jazz, na kwamba jina la Simba Wanyika lilifuata baadaye. Hulisema hilo kama mtu aonyeshaye hati ya shamba. Akitajiwa Les Wanyika, hukumbusha kwamba hao walijitenga mwaka 1978, na kwamba "Sina Makosa", kwa utamu wake wote, ni wimbo wa watu waliokwisha kugawanya nyumba. Kwa mashabiki wa namna yake neno "kabla" ni cheo.

Cheo hicho hakitafutwi Pwani peke yake. Wapenzi wa roki ya majimbo ya kusini mwa Marekani wanakifahamu vyema. Ndege iliyowachukua Lynyrd Skynyrd ilianguka Mississippi tarehe 20 Oktoba 1977, akafa mwimbaji Ronnie Van Zant pamoja na wenzake kadhaa. Kundi liliporejea jukwaani mwaka 1987, aliyesimama mahali pake alikuwa mdogo wake, Johnny. Shabiki anayeulizwa aliwaona lini anaulizwa, kwa hakika, kama yumo miongoni mwa wachache waliobahatika au la. Katika santuri ya 1973 wimbo wao "Free Bird" huchukua zaidi ya dakika 9, na katika ile iliyorekodiwa mbele ya watu mwaka 1976 huzidi dakika 10. Lakini aliyekuwapo atashikilia kwamba usiku ule wake ulikuwa mrefu zaidi, na hakuna saa itakayomshinda.

Dai hilo la urefu lisichukuliwe kuwa porojo. Santuri ndogo za Afrika Mashariki aghalabu ziliukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili, na mahali pa kukatia paliamuliwa na ukubwa wa sahani, wala si na mtunzi. Mhakiki anayenakili maneno kutoka katika santuri, akayagawa beti na kuyatafutia maudhui, anahakiki kitu kilichokwisha kupunguzwa. Ruth Finnegan alisisitiza umuhimu wa utendaji katika fasihi simulizi tangu alipochapisha Oral Literature in Africa mwaka 1970, na hakuna mwanafunzi wa uzamili asiyeweza kuueleza msisitizo huo katika mtihani. Tatizo huanza anapoondoka chumba cha mtihani.

Mmoja wao alifika Ukunda akiwa na kinasa sauti na hojaji. Swali la kwanza lilikuwa: je, uliwahi kuhudhuria onyesho la bendi? Dereva alisema ndiyo, akahojiwa saa mbili. Mpishi, ambaye ni mtu mkweli, alifikiri kidogo akasema hapana. Mwanafunzi akamshukuru na kukunja karatasi yake.

Hapana ile ilikuwa sahihi kwa kadiri ya swali lilivyoulizwa. Mpishi hakuhudhuria. Ukumbi wa chakula ulikuwa wa wageni, na mfanyakazi wa jikoni aliyeonekana humo bila sinia mkononi alikuwa na la kujieleza. Kati yake na jukwaa palikuwa na ukuta, mlango wa kusukuma na mvuke wa maji ya moto. Wapiga magitaa aliwafahamu kwa sura kwa sababu walikula jikoni kabla ya kuanza kazi. Wakiwa jukwaani hakuwaona hata siku moja.

Hata hivyo Kiswahili chenyewe hakikubali kirahisi kwamba aliyesikia amepungukiwa. Mswahili husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa na uchungu. Husema mtoto hasikii, akimaanisha kwamba hatii. Macho hayakupewa eneo pana kiasi hicho. Anayesema "nilisikia bendi" huenda anadai jambo kubwa kuliko anayesema aliiona, na ni kosa la hojaji, si la mzee, kwamba nafasi ya dai hilo haikuwekwa.

Isitoshe, nani hasa alikuwa hadhira ya bendi ya hoteli? Jibu la haraka ni watalii. Lakini mtalii alikaa wiki moja au mbili, akausikia "Jambo Bwana" mara chache, akaondoka nao kichwani. Wimbo huo, uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, ulienea upesi kiasi kwamba Boney M waliutoa kwa namna yao mwaka uliofuata, na bendi nyingine za pwani hazikuwa na budi kuupiga kila usiku, kwa kuwa kila usiku palikuwa na mtu aliyewasili mchana. Hadhira ya kudumu ilikuwa moja tu: watu wa jikoni, wahudumu, walinzi, na vijana wa ufuoni waliosimama gizani upande wa pili wa ua. Hao ndio waliousikia wimbo mmoja mara elfu, na kwa hiyo ndio pekee walioweza kutambua ulipobadilika.

Mpishi alitambua. Anasema aliweza kujua kwa gitaa la pili kama mishahara imelipwa. Mwezi ukiwa mbaya, lilikwenda sawasawa na santuri, bila kuongeza hata nukta. Mwezi ukiwa mwema, lilianza kuchokoza, likaingia mapema, likamlazimisha mwimbaji kungoja. Kuna nyakati, asema, wageni wengi walipokwisha kwenda kulala, wanamuziki waliacha nyimbo za makaribisho na kupiga rumba za Wanyika kwa taratibu, nazo zilikuwa ndefu. Wahudumu walirudi jikoni na sinia tupu wakizicheza. Wafuasi wa nadharia ya utendaji wangetamani ushahidi kama huu, na ulikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa mwenye kinasa sauti.

Si kwamba kumbukumbu zake hazina dosari. Hushikilia kuwa aliusikia "Sina Makosa" ukipigwa kwenye harusi ya kakake mwaka 1975, yaani miaka mitatu kabla ya Les Wanyika kuwapo. Dereva humkosoa kwa furaha isiyofichika. Lakini mpishi haihesabu miaka kwa magawanyiko ya bendi. Huihesabu kwa harusi na vifo, na wimbo alioupenda baadaye ameurudisha nyuma ukaikute harusi. Mhakiki aliyezoea hekaya hatashangaa. Ila tu asiitumie dosari hii kuyafuta yale ya jikoni, ambayo mzee hakuyasikia mara moja akiwa na pilau mkononi, bali usiku baada ya usiku kwa miaka 14.

Miaka hiyo ilikatika ghafla. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwaondoa wageni katika pwani ya kusini, na hoteli nyingi zikapunguza watu. Mpishi alikuwa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Hotelini mwake bendi ilitangulia kwenda. Nafasi yake, alivyokuja kuambiwa, ilichukuliwa na mtu mmoja mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Hilo hulieleza kwa sentensi moja na kuhamia jambo lingine.

Kanda ya mwanafunzi ipo. Dereva aliombewa nakala na mjukuu wake, nao huisikiliza pamoja kwenye simu. Katikati ya maelezo yake juu ya ndugu wa Kinyonga, dereva anajaribu kuonyesha kwa mdomo jinsi magitaa yalivyopokezana, na hapo inasikika sauti nyingine, ya mbali, ya mtu aliyekwisha kuambiwa ahsante: "Sivyo, shemeji. La pili huingia kabla hajamaliza." Katika kanda mwanafunzi anaomba kimya.

Siku ile ya habari za msiba, kipande hicho kilipopita, dereva aliizima simu na kumtaka shemejiye auonyeshe wimbo wote ulivyokuwa ukipigwa hotelini, mwanzo hadi mwisho. Mpishi akaanza kwa sauti ya chini, akigonga mkeka kwa vidole viwili: gitaa la kwanza, la pili likiingia mapema, mwimbaji akingojeshwa. Alifika mbali. Kisha akanyamaza, na dereva akamtazama.

"Mbona umeishia hapo?"

"Mwisho wake siujui," mpishi akasema. "Saa tano basi la wafanyakazi liliondoka."