Walioikokota Mizinga

Nilianza kazi mwaka 1994, katika kibanda umiza cha kuonyesha filamu, karibu na stendi ya Same. Mwanzoni nilikusanya viingilio na kupanga mabenchi, na kila jioni nilifuta kichwa cha deki kwa kitambaa chenye spiriti. Baadaye nikakabidhiwa kipaza sauti, nikawa mfasiri wa filamu kwa miaka 16.

Filamu za vita ndizo zilizojaza watu. Mzinga ulipolia, mabati yalitetemeka na vumbi likatudondokea. Wazee wa milimani wao walilijua neno mzinga kwanza kwa gogo la nyuki lililotundikwa mtini.

Usiku mmoja tuliweka Shout at the Devil ya mwaka 1976, ya Lee Marvin na Roger Moore. Manowari ya Kijerumani imejificha kwenye delta ya Rufiji, na mwishoni inalipuliwa kwa bomu. Watu wakainuka kuondoka. Mzee mmoja aliyeshuka kutoka Mbaga akabaki amekaa.

"Mwanangu, mbona hujatuambia mizinga ilikwenda wapi?"

Nilinyamaza, kisha nikaenda kutafuta jibu vitabuni. Manowari ya kweli iliitwa Königsberg. Iliangamia Rufiji tarehe 11 Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam na kupelekwa bara. Mmoja ulitegwa Kahe, kwenye reli hii hii yetu ya Tanga hadi Moshi. Machi 1916 Wajerumani waliulipua wenyewe, wakarudi nyuma kuelekea huku Upareni. Pasipokuwa na reli, mizinga hiyo ilikokotwa kwa kamba na mamia ya Waafrika, porini na matopeni. Upande wa Waingereza nao wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka hadi leo tukisema Kariakoo.

Tangu hapo sikuweka filamu ya vita bila kuanza na habari hiyo. Vijana walitulia kusikiliza, maana waliotajwa walikuwa babu zao.

Mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, Mombasa. Ukifika, gusa chuma chake uone uzito wake, kisha mweleze mtoto uliyekwenda naye ni mabega ya nani yaliyoubeba.